Kilichobaki Baada ya Moto: Historia ya Majivu, kutoka Milima ya Gusii hadi Oksijeni ya Plazima

Kabla Abagusii hawajawasha meko yao ya kwanza katika milima ya Kisii na Nyamira, majivu yalikuwa yamekwisha kufika. Yalirushwa na volkano za Bonde la Ufa, yakachukuliwa na upepo, yakatua juu ya miamba mikongwe ambayo wanajiolojia huiita mfululizo wa Kisii: basalti, kwatzaiti na rayolaiti zilizokuwapo enzi nyingi kabla ya Bonde lenyewe kupasuka. A. Huddleston aliieleza miamba hiyo katika ripoti ya jiolojia ya Wilaya ya Kisii iliyotolewa mwaka 1951. Habari ya majivu ilingoja zaidi. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Wageningen, Uholanzi, kiliendesha mradi wa kufundishia sayansi ya udongo huko Kisii. Wanafunzi na walimu wao walichimba mashimo, wakasoma matabaka ya udongo kutoka juu hadi chini, wakachukua sampuli. W. G. Wielemaker na H. W. Boxem walitoa ripoti ya udongo wa eneo hilo mwaka 1982, na muda mfupi baadaye Wielemaker pamoja na T. Wakatsuki wakaonyesha kwamba sehemu ya udongo huo ilitokana na majivu ya volkano za Bonde la Ufa.

Majivu ninayotaka kusimulia historia yake ni ya aina nyingine: yale yanayobaki baada ya jani, mbegu au gogo kuungua. Kwa zaidi ya miaka 200 wanasayansi wameyatumia kuuliza swali ambalo kila mkulima wa Nyamira angependa kujua jibu lake: mmea umechota nini ardhini? Jibu limekuwa likibadilika kila walipobadilisha moto. Majivu hayatoi habari za mmea peke yake. Hutoa pia habari za moto ulioyazaa. Asiyejua moto ule ulikuwa wa namna gani anaweza kuyasoma majivu na kupata jibu lisilo la kweli.

Majivu ya meko

Mto Gucha huanzia nyanda za juu za Nyamira, ukapita Kisii na kuteremka hadi Migori, ambako watu huuita Kuja. Huko chini, kwenye maporomoko ya Gogo, mwanaakiolojia Peter Robertshaw alifukua katika miaka ya 1980 makazi ya kale ya wavuvi, wawindaji na, baadaye, wafugaji. Kati ya alivyokuta ni vigae, mifupa na matabaka ya majivu. Tabaka la majivu ni kumbukumbu ya namna yake: nyama zililiwa, kuni zikaisha, samadi ikaungua, lakini madini yaliyokuwamo hayakwenda popote.

Waliokaa magharibi mwa Kenya vizazi vya karibuni waliijua nguvu hiyo kwa mikono. Majivu yalichanganywa na mbegu ili wadudu wasizitoboe. Kwa Waluhya, majirani wa kaskazini, yalitengenezwa munyu: maganda ya maharagwe au ya ndizi hukaushwa na kuchomwa, majivu yake yakatiwa kwenye chombo chenye matundu chini, kisha yakamiminiwa maji taratibu. Kinachodondoka ni maji ya rangi ya hudhurungi, yenye utelezi kidogo mkononi, ambayo hulainisha mboga ngumu na kupunguza uchungu wake. Kilichomo zaidi ni kaboneti ya potasiamu. Mpishi anayetengeneza munyu amekwisha kutenga sehemu ya majivu inayoyeyuka majini na ile isiyoyeyuka, kazi ambayo maabara za chai zinaifanya hadi leo kwa vyombo vya kioo na mizani.

Hesabu ya majivu

Huko Ulaya, swali la madini ya mimea lilianza kupata majibu ya maabara mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1799 Humphry Davy alieleza kwamba ganda la nje la baadhi ya mimea lina silika, kitu kile kile kinachojenga mchanga. Mwaka 1804 Théodore de Saussure wa Geneva alichapisha kitabu kilichoweka hesabu ya majivu ya mimea mbalimbali. Alionyesha kwamba majivu hutofautiana kulingana na umri wa mmea, sehemu yake na udongo ulioulea. Kwamba majani hutoa majivu mengi kuliko mbao. Na kwamba chumvi hizo zilitoka ardhini, hazikuumbwa na mmea wenyewe.

Baada yake alikuja Mjerumani Justus von Liebig. Katika kitabu chake cha mwaka 1840 alishikilia kwamba ukijua majivu ya zao unajua deni lake kwa shamba: kila gunia linaloondoka linaondoka na potasiamu, fosforasi, kalsiamu na magnesiamu, na shamba lisiporudishiwa litadhoofika. Wazo hilo, ambalo Carl Sprengel alikuwa ameligusa kabla yake, ndilo lililozaa biashara ya mbolea za viwandani duniani. Kila mfuko unaobebwa kwa pikipiki kutoka Keroka kwenda shambani una mizizi yake katika hesabu hiyo.

Lakini majivu yalificha jambo kubwa. Nitrojeni haikai humo. Jani linapoungua, nitrojeni yake hupanda hewani pamoja na moshi, na mwenye kusoma majivu peke yake haioni kabisa. Liebig aliamini kwamba mimea ingepata nitrojeni ya kutosha kutoka angani. Majaribio ya shambani huko Rothamsted, Uingereza, yaliyoanza mwaka 1843 chini ya John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert, yalionyesha kwamba ngano isiyopewa nitrojeni hubaki duni hata ikipewa majivu yote. Ilikuwa mwaka 1883 ndipo Johan Kjeldahl, kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipobuni njia rahisi ya kuipima nitrojeni kwa kuchemsha sampuli katika asidi kali ya salfuriki bila kuiunguza.

Mkulima wa chai wa Nyamira anaishi ndani ya ugomvi huo wa kale. Mbolea ambayo KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, imezoea kuwasambazia wakulima wake ni NPK ya 26:5:5, yenye nitrojeni zaidi ya mara tano ya fosforasi au ya potasiamu, kwa sababu zao lenyewe ni jani na jani hula nitrojeni. Nitrojeni hiyo, iliyo nyingi kuliko vyote, haionekani katika majivu ya chai hata chembe.

Majivu ya chai

Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, ikafika Kericho kama zao la makampuni makubwa katika miaka ya 1920. Wakulima Waafrika waliendelea kuzuiwa kwa muda mrefu. Mlango ulifunguliwa na mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, na katika miaka ya 1950 miche ikaanza kuingia katika mashamba madogo ya milima ya Gusii. Mwaka 1960 kukaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikazaliwa Mamlaka ya Kustawisha Chai ya Kenya, KTDA. Leo majina ya viwanda kama Nyankoba, Kebirigo, Tombe, Sanganyi, Gianchore na Nyansiongo yanajulikana mbali sana na Nyamira kwa sababu yameandikwa kwenye magunia yanayopigiwa mnada Mombasa.

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake. Mzigo hupimwa kwenye kituo cha kununulia, hupakiwa lori, hunyaushwa, husagwa, huachwa uchachuke na hukaushwa. Kabla ya chai nyeusi kukubalika kwenye soko la dunia, kuna kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 3720, na sehemu kubwa ya kiwango hicho ni majivu. Majivu yote yasipungue asilimia 4 wala yasizidi asilimia 8 ya uzito wa chai kavu. Kati ya majivu hayo, angalau asilimia 45 yawe yanayeyuka majini. Yasiyoyeyuka hata katika asidi yasizidi asilimia 1 ya chai. Pamoja na hayo hupimwa ukali wa magadi wa yale yanayoyeyuka.

Kila kipimo kina mlango wake kinaoulinda. Chai iliyokwisha kutumika, ikakaushwa na kuuzwa tena kama mpya, imeshapoteza potasiamu yake ndani ya birika la kwanza. Majivu yake yanayoyeyuka huwa machache, na udanganyifu unajulikana. Chai iliyochanganyika na mchanga au vumbi la barabarani itaonekana kwenye majivu yasiyoyeyuka katika asidi, kwa kuwa kwatzi haijali asidi ya kawaida.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi wa maabara huchoma kwanza kikombe kitupu cha kauri hadi kisibakie na unyevu, hukiacha kipoe ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na kemikali inayofyonza maji, kisha hukipima. Hutia chai iliyosagwa, akaipasha polepole mpaka moshi uishe, ndipo akakiingiza kikombe katika tanuri la umeme la nyuzi 525 za Selsiasi, zikizidi au kupungua 25. Chai huwa nyeusi, halafu kijivu, hatimaye nyepesi kama unga unaoweza kupeperushwa kwa pumzi moja. Hupoza, hupima, hurudisha tanurini, hupima tena, mpaka uzito usibadilike. Tofauti ya gramu ndogo sana ndiyo jibu.

Ni kazi nzuri, na imeilinda sifa ya chai yetu. Inajibu swali la kiasi: majivu ni mangapi? Tatizo huanza mtu anapouliza swali la pili: madini hayo yalikuwa katika hali gani ndani ya jani? Hapo tanuri la nyuzi 525 ni shahidi aliyevuruga mahali pa tukio.

Kwa nyuzi kama 300, gothaiti, madini ya chuma yenye rangi ya manjano na kahawia, hupoteza maji yake na kugeuka kuwa hematiti nyekundu. Kati ya nyuzi 400 na 500, oksaleti ya kalsiamu, ambayo mimea mingi huihifadhi kama fuwele ndani ya seli zake, huvunjika na kuwa kaboneti. Kati ya nyuzi 400 na 600, kaolinaiti, ambayo ndiyo mfinyanzi mkuu wa udongo mwekundu wa Kisii, hupoteza mpangilio wake wa ndani, na miali ya eksirei haiwezi tena kuitambua. Zebaki huondoka mapema sana. Seleniamu na aseniki hupotea kwa sehemu kubwa, na risasi na kadimiamu nazo hazina uhakika. Hata kaboneti ya potasiamu inayopimwa kwa bidii kwenye majivu ya chai haikuwamo ndani ya jani. Jani lilikuwa na potasiamu iliyoyeyuka katika maji ya seli pamoja na asidi zake, na moto ndio ulioifanya kaboneti.

Moto usio na ukali wa moto

Njia ya kutoka ilitokea mahali pasipohusiana na kilimo hata kidogo. Mwaka 1879 William Crookes aliwaonyesha wasikilizaji mjini Sheffield mirija ya kioo iliyonyonywa hewa, ambamo umeme ulipita na kung'aa. Alidai kwamba ndani yake kulikuwa na hali ya nne ya vitu, mbali na yabisi, kimiminika na gesi. Mwaka 1928 Mmarekani Irving Langmuir aliipa hali hiyo jina la plazima. Radi ina plazima, na hata taa ndefu za dukani zinang'aa kwa plazima.

Kwa miaka mingi ilikuwa inajulikana kwamba umeme ukipita katika oksijeni iliyo haba hutenganisha molekuli zake. Oksijeni ya kawaida hutembea wawili wawili, atomi mbili zimeshikana, na ndiyo maana karatasi inaweza kukaa hewani miaka mingi bila kuungua. Atomi moja moja ya oksijeni ni kali mno: ikigusa kaboni huishika hapo hapo, bila kungoja joto. Kuungua kunakofanyika katika meko kwa nyuzi mamia, atomi hizo hukufanya kwa utulivu.

Mwaka 1962 C. E. Gleit na W. D. Holland waliandika katika jarida la Kimarekani la Analytical Chemistry jinsi ya kuutumia mwenendo huo kuondoa sehemu ya kikaboni ya sampuli bila tanuri. Walitaka kujua kama madini yangebaki, kwa hiyo walitumia elementi zenye mnururisho, ambazo hata chembe yake ndogo inaweza kufuatiliwa kwa kifaa. Aseniki na seleniamu, ambazo tanuri huzipoteza, zilibaki. Risasi, zinki, chuma na manganizi zilibaki. Zilizopungua ni chache, zikiwamo dhahabu, fedha na sehemu ya zebaki.

Mashine iliyotokana na kazi hiyo ni rahisi kueleweka. Ni chumba cha kioo chenye mlango usiopitisha hewa, pampu ya kunyonya, mtungi wa oksijeni na chombo cha kutoa mawimbi ya redio, kwa kawaida ya megahezi 13.56, masafa yaliyotengwa kimataifa kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba. Sampuli hukaushwa, husagwa laini, hutandazwa nyembamba kwenye kisahani cha kioo na kuingizwa chumbani. Pampu huinyonya hewa mpaka shinikizo liwe karibu sehemu moja kwa mia kadhaa ya lile la hewa tunayovuta. Oksijeni hupenyezwa kidogo kidogo. Mawimbi yakiwashwa, chumba hujaa mwanga hafifu wa samawati na zambarau.

Hakuna moshi wala ndimi za moto. Jani lililo ndani halikunjamani kama lililotupwa mekoni, hufifia. Kijani huondoka, kahawia hufuata, kisha weupe. Atomi za oksijeni hula tabaka la juu tu, kaboni ikaondoka kama gesi, haidrojeni ikaondoka kama mvuke, na majivu yaliyobaki juu huwa pazia linaloikinga sehemu ya chini. Hivyo fundi huzima mashine, hukoroga unga, akaiwasha tena. Kazi huchukua saa nyingi, na kwa sampuli ngumu huchukua siku kadhaa. Kipande chembamba cha jani ambacho hakikusagwa kinaweza kumalizika kikiwa bado na umbo lake: mishipa, seli na fuwele zikiwa mahali pake, kaboni peke yake ikiwa imehama. Joto la sampuli halifiki nyuzi 150, na mara nyingi hubaki chini ya 100.

Njia hii nayo ina mipaka yake. Kalsiamu na salfa zilizokuwa zimefungwa katika sehemu ya kikaboni zinaweza kuungana humo humo na kuwa chumvi mpya ya salfeti. Nitrojeni inaweza kuacha nitreti ambazo hazikuwapo. Maji yaliyoshikwa kwa ulegevu ndani ya baadhi ya fuwele huvutwa na pampu. Aliyezoea kazi hii huyasoma majivu yake akiyakumbuka hayo, kama vile msomaji wa majivu ya tanuri anavyopaswa kukumbuka nyuzi 525.

Kutoka makaa ya mawe hadi migomba

Miongoni mwa wa kwanza kuichangamkia mbinu hiyo walikuwa wanajiolojia wa makaa ya mawe. Makaa ni mimea ya kale iliyozikwa na kushindiliwa, na ndani yake mna mfinyanzi, pairiti na kalisiti. Majivu ya jiko la makaa hayasemi lolote la uhakika kuhusu madini hayo, kwa kuwa yote yamegeuka. Mwaka 1965 H. J. Gluskoter wa Illinois alieleza jinsi ya kuyachoma makaa kwa oksijeni ya plazima na kupata mfinyanzi ukiwa mzima. Baadaye viwanda vya elektroniki vikaichukua mbinu hiyo hiyo kuondolea utando wa kikaboni juu ya vipande vya silikoni, na wataalamu wa afya wakaitumia kuondoa karatasi ya chujio ili nyuzi za asbesto zilizonaswa humo zionekane chini ya hadubini.

Kwa Afrika Mashariki, mlango wenye mvuto mkubwa ni ule wa silika ya mimea. Nyasi, mahindi, wimbi na migomba hunyonya silika iliyoyeyuka katika maji ya udongo na kuijaza ndani na kati ya seli zake, ikaganda kwa umbo la seli hizo. Vipande hivyo huitwa fitolithi. Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg aliviona chini ya hadubini katika karne ya 19, hata katika vumbi la baharini alilokusanya Charles Darwin. Jani likioza, fitolithi hubaki udongoni kwa maelfu ya miaka. Lakini ili kumtambua mwenyewe wa fitolithi ya kale, lazima kwanza uwe na mkusanyiko wa kulinganishia: jani la leo, linalojulikana jina, lililoondolewa kaboni yote bila kuharibu maumbo. Wengine hutumia asidi, wengine tanuri, na plazima ni njia ya upole kuliko zote.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana Uganda. Mwaka 2006 Julius Lejju, Peter Robertshaw, yule yule wa maporomoko ya Gogo, na David Taylor walitangaza kwamba wamekuta fitolithi za mgomba huko Munsa, katika mashapo waliyoyakadiria kuwa ya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kama ni kweli, ndizi zilifika Afrika mapema mno kuliko wengi walivyodhani. Mwaka 2009 Katharina Neumann na Elisabeth Hildebrand waliupima ushahidi wote upya na kuonyesha mashaka: umri wa mashapo, na ugumu wa kuutenganisha mgomba wa ndizi na ensete, ndugu yake wa Kiafrika. Fitolithi za mimea hiyo miwili zina umbo la volkano ndogo yenye shimo juu, na tofauti kati yake ni ya kitako na ukingo. Mjadala mzima wa historia ya chakula cha Maziwa Makuu ulisimama juu ya ukingo wa chembe moja ya silika. Katika eneo ambalo migomba huizunguka karibu kila boma, kuanzia Suneka hadi Kebirigo, hilo si jambo la watu wa mbali.

Chuma cha jani na chuma cha vumbi

Mahali ambapo historia hii inagusa sahani ya leo ni kwenye mboga. Chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, na rinagu, yaani mnavu, ni mboga ambazo meza ya Mgusii haikamiliki bila hizo. Chinsaga huchemshwa, humwagwa maji yake machungu, hutiwa maziwa na huachwa ikae, hata usiku kucha, ili ladha itulie. Kwa muda mrefu ilidharauliwa kama mboga ya maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ni miongoni mwa waliotumia miaka mingi ya utafiti kuirudishia heshima, wakionyesha wingi wa vitamini na madini katika mboga za kienyeji.

Kati ya madini hayo, chuma ndicho kinachongojewa zaidi, kwa sababu upungufu wa damu ni adui wa wajawazito na watoto wadogo. Hapa ndipo udongo wa Kisii unapoingilia hesabu. Mvua ya milima hii, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, imeosha chumvi nyepesi kwa enzi nyingi na kuacha kaolinaiti pamoja na oksaidi za chuma na alumini. Udongo huo huo hushika fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea, na ndio huo huo unaoruka kama vumbi jekundu wakati wa kiangazi na kurushwa na matone mazito ya mvua mpaka kwenye majani ya chini. Chembe chache za udongo huo zikibaki juu ya jani baada ya kuoshwa, zinaweza kuongeza sana kiasi cha chuma kinachopimwa. Tanuri huvichanganya: chuma kilichoingia kupitia mizizi na chuma kilichotua juu kama vumbi vyote hutoka vikiwa hematiti nyekundu. Namba ya mwisho ni moja, nayo huandikwa kwenye jedwali la lishe kana kwamba yote ni ya jani.

Mwili hauvichanganyi. Chuma kilichofungwa katika chembe za udongo hunyonywa kidogo sana tumboni. Mama anayeambiwa kwamba fungu la mboga lina chuma kiasi fulani anastahili kujua kama ni chuma ambacho mtoto wake atafaidika nacho.

Wataalamu wana njia ya kukisia: hupima pia titaniamu, ambayo mimea haiichukui ila kwa kiasi kidogo mno, na ikiwa nyingi hujulikana kwamba vumbi lipo. Alumini pia husaidia kwa mboga, lakini si kwa chai, kwa sababu mchai ni kati ya mimea michache inayolimbikiza alumini kwa makusudi. Jani zee la mchai linaweza kuwa na alumini kwa kiwango ambacho kingeua mazao mengi. Majivu ya plazima huenda hatua zaidi ya kukisia. Kaolinaiti iliyokuwa vumbi inabaki kaolinaiti na inatambulika kwa eksirei. Gothaiti inabaki gothaiti. Fuwele za oksaleti ya kalsiamu zinabaki kama jani lilivyozitunza, nazo zina habari yake: kalsiamu iliyofungwa humo mwili hauipati kirahisi. Kilicho cha mmea na kilicho cha ardhi vinasimama kando kando.

Swali la chai linapata nuru hiyo hiyo. Wanakemia wa Kenya, Philip Okinda Owuor akiwa mmoja wao, kwanza kwenye taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho kisha Chuo Kikuu cha Maseno, walichunguza kwa miaka mingi jinsi mbolea, mahali na aina ya mchai zinavyobadilisha kilichomo katika jani. Wanunuzi wa nje nao wanazidi kuuliza kuhusu metali nzito. Risasi ikionekana katika sampuli ya chai, mkulima ndiye atakayebeba lawama iwapo hakuna awezaye kusema kama ilipanda kupitia mizizi, ilitua na vumbi la barabara au ilitoka kwenye vyuma vya kiwanda. Jibu la swali hilo haliwezi kutoka katika majivu ambayo moto umekwisha kuyachanganya.

Historia nzima, tangu Saussure mwaka 1804 hadi Gleit na Holland mwaka 1962, ni ya watu waliokataa kuridhika na namba kabla ya kuuliza imepatikanaje. Liebig alikosea kuhusu nitrojeni kwa sababu aliyaamini majivu kupita kiasi. Kosa la namna hiyo linaweza kurudiwa leo katika jedwali la lishe, katika ushauri wa mbolea na katika cheti cha mzigo wa chai. Mkulima wa Gusii amepimwa mara nyingi: udongo wake, chai yake, mboga zake. Anastahili kupimwa kwa njia inayotofautisha jasho la mmea wake na vumbi la njia. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013, kituo cha utafiti wa kilimo kipo mjini Kisii, na viwanda vya chai vina maabara na mafundi waliozoea mizani na kikombe cha kauri. Wataalamu wanaohitajika kuanza kazi hiyo wanaishi katika milima hii hii. Waanze na fungu moja la chinsaga kutoka sokoni, lichomwe nusu kwa tanuri na nusu kwa oksijeni ya plazima, kisha majivu mawili yawekwe chini ya eksirei moja, na tofauti itakayoonekana iandikwe kwenye jedwali la lishe karibu na namba ya chuma.